Maziwa ya unga kwenye begi la mgongoni: mwongozo kwa wanaotembea Dodoma na jirani zake

Lita moja ya maziwa mabichi ina uzito unaozidi kilo moja kidogo, na karibu asilimia 87 ya uzito huo ni maji. Unga unaotoa lita hiyohiyo hauzidi gramu 130. Ukiwa na begi mgongoni na siku tatu mbele yako, unaweza kudhani hesabu imekwisha hapo. Bado. Huku kwetu Tanzania ya kati, maji ya kuchanganyia yanaweza kuwa mwendo wa nusu siku kutoka ulipopiga hema, na ukilazimika kuyabeba mwenyewe, begi litarudi kuwa zito kama vile umebeba maziwa mabichi. Ndiyo maana naanza na maji, tuje kwenye unga, kisha sufuria.

Jambo jingine nataka ulishike tangu sasa: maziwa ya unga ni chakula. Wengi hutia vijiko viwili kwenye chai ili iwe nyeupe, basi. Gramu 100 za maziwa ya unga yasiyopunguzwa mafuta zina kalori kama 500, protini gramu 26 hivi, na mafuta kiasi kama hicho. Uwele, mtama na mahindi viko kwenye kalori 350 na ushee, na mafuta yake ni kidogo. Mtu aliyepanda vilima kutwa anapolala na uji wa unga mtupu, kesho yake miguu itamwambia.

Chora maji kwanza

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hunyesha milimita 550 hadi 600 hivi. Wakati mzuri wa kutembea ni Juni hadi Agosti, jua likiwa limepoa, lakini hiyo ndiyo miezi ambayo makorongo ni mchanga mtupu. Maji yako kwenye visima na mabomba ya vijijini.

Chukua karatasi. Kwa kila siku andika mistari miwili: utalala wapi, na kisima au bomba la mwisho kabla ya hapo liko wapi. Usikisie. Mpigie simu mtu wa huko, au muulize dereva wa bodaboda anayepita njia hiyo kila siku. Yeye anajua bomba lipi limekufa tangu mwezi uliopita.

Kisha gawa milo yako mafungu mawili. Penye maji utapika uji, tambi, mboga na chai. Pakavu utakula kashata, maziwa yakiwa yamo ndani tayari. Nikiwa vilima vya Irangi huko Kondoa, upande wa Kolo na Haubi, napita vijiji na maji yanapatikana, kwa hiyo napika na maziwa asubuhi na jioni. Mlima Hanang kupandia Katesh ni habari nyingine kabisa: kilele kiko zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, na maji yangu yote nayabeba kutoka chini. Siku hiyo sibebi hata gramu moja ya maziwa ya kukoroga.

Onja maji kabla ya kuyatumia. Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi. Kwenye ugali au mboga hutaona shida, unapunguza tu chumvi yako. Kwenye maziwa ladha hiyo inajitokeza na uji unaharibika kabisa. Kwa hiyo maji matamu uliyotoka nayo mjini yaweke kwa uji na chai, ya kisima yaende kwenye ugali.

Na kama kijijini kuna anayeuza maziwa mabichi, nunua, chemsha, unywe palepale. Ukipita Kondoa yanakuwa na utamu wa pekee kwa anayejua historia yake. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kupambana na mmomonyoko, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika. Watu walikaa miaka bila ng'ombe mlangoni, hadi ufugaji wa ndani wa kukatia majani ulipoanza. Mama akikupimia kikombe cha maziwa ya ng'ombe wake wa bandani, usitoe pakiti yako. Unga ni wa ile jioni ambayo hakuna wa kukuuzia.

Kununua

Dukani utakutana na vitu vinavyofanana kwa macho na kutofautiana sana kwa chakula. Soma orodha ya viambato, siyo picha ya ng'ombe.

Maziwa yenye mafuta yote ndiyo ninayoyabeba mimi. Kiambato ni kimoja tu, maziwa, pengine na lesithini kidogo inayosaidia unga kuyeyuka. Yaliyoondolewa mafuta yana kalori 360 hivi kwa gramu 100, protini zaidi, na hukaa muda mrefu bila kuharibika kwa sababu kinachochacha ni mafuta. Yanafaa kwa safari ndefu ikiwa una karanga au samli ya kuziba pengo. Halafu kuna yale ambayo mafuta ya maziwa yametolewa yakawekwa mafuta ya mimea, mara nyingi ya mawese. Bei yake ni nafuu na nguvu yanatoa, lakini jua ndicho unachonunua. Mwisho ni unga wa kuweupesha chai, ambao wala si maziwa: ni sukari ya wanga na mafuta, protini karibu hamna. Huo uache. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga pia yaache. Yametengenezwa kwa ajili yao na bei yake ni kubwa bila faida kwako.

Nunua pakiti iliyofungwa kiwandani, yenye alama ya TBS na tarehe ya mwisho. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kununua maziwa yaliyopimwa kwenye vifuko sokoni, bila tarehe, kwa kuwa yalikuwa rahisi. Usiku wa kwanza kambini nilifungua kifuko, harufu ikanijia kama ya mafuta ya kula yaliyosahaulika kabatini. Gramu 300 zote tukazifukia, na tukamaliza safari kwa uji wa sukari.

Ukifika nyumbani, jaribu kijiko kimoja kwenye glasi ya maji baridi. Kikizama na kuyeyuka baada ya kukoroga mara chache, ni aina ya kuyeyuka haraka. Kikielea na kufanya madonge, hicho kitahitaji maji ya uvuguvugu. Vyote vinafaa, mradi ujue kabla hujafika porini.

Kupima na kufunga

Kipimo changu ni gramu 80 kwa mtu kwa siku. Watu wawili kwa siku tatu ni gramu 480, sawa na lita tatu na robo tatu za maziwa, na ndani yake mna kalori kama 2,400. Kama huna mizani, kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa juu kwa kisu kina gramu 7 au 8. Vinne ni gramu 30 hivi, na hivyo ndivyo vya glasi moja ya kawaida ya maziwa.

Adui wa unga huu ni unyevu, joto na mwanga. Ukivuta unyevu unaganda kama chokaa. Ukipigwa jua mafuta yanaanza kuchacha. Usibebe pakiti moja kubwa inayofunguliwa mara sita kwa mikono yenye maji. Fungasha kwa mlo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na hata kabla ya hapo ilikuwa inapasuka kwenye begi. Mimi natumia pakiti tupu za kahawa zenye karatasi ya fedha ndani: nazisuuza, nazianika siku mbili hadi harufu iishe, natia mlo mmoja, nakunja mdomo mara tatu na kuubana kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Chupa ndogo ya mdomo mpana inafaa pia kwa maziwa ya chai.

Siri kubwa ya kufungasha iko kwenye sukari. Changanya maziwa na sukari ya mlo huo vikiwa vikavu, nyumbani. Chembe za sukari hukaa katikati ya chembe za maziwa, zikitiwa maji huyeyuka na kuacha nafasi, na maziwa yanalowa yote kwa pamoja. Tangu nianze hivi, mabuja yamekuwa nadra.

Andika juu ya kila pakiti kwa kalamu ya wino: mlo gani, siku gani, maji kiasi gani. Weka katikati ya begi, mbali na chupa ya maji na mbali kabisa na spiriti ya jiko. Ukavu wa Dodoma unakusaidia. Ukungu wa Hanang haukusaidii, huko usiache pakiti wazi hata dakika tano.

Kukoroga

Hapa ndipo watu wengi wanaharibu, nami naomba usome polepole.

1. Chemsha maji mpaka yatokote kweli, uyaache hivyo dakika moja. Ukiwa juu ya mita 2,000, dakika tatu. Dodoma mjini, kwenye mita 1,100 na ushee, maji huchemka karibu na nyuzi 96. Karibu na kilele cha Hanang hayafiki 90. Kuchemka kwa macho si kipimo kimoja kila mahali.

2. Epua. Subiri hadi uweze kushika kikombe cha bati kwa kiganja bila kukiachia. Hapo ni kama nyuzi 50.

3. Tia unga kwenye kikombe kikavu, halafu vijiko viwili tu vya maji. Usikoroge kwa kuzungusha. Bonyeza kwa mgongo wa kijiko, uvute kuelekea ukingoni, ubonyeze tena. Mwanzo utaona makombo ya njano hafifu yanayokataa kushikana. Endelea. Ghafla yanalegea, yanang'aa, yanakuwa rojo zito linaloteleza kwenye kijiko na kurudi chini taratibu kama asali. Hapo umeshinda.

4. Ongeza maji yaliyobaki kidogo kidogo huku ukikoroga.

5. Acha dakika tano kabla ya kunywa. Yanatulia na ladha ya unga inapungua.

Ukimwaga unga mkavu juu ya maji yanayotokota, nje ya kila donge huiva na kufunga, ndani kunabaki unga mkavu. Hilo huwezi kulitengeneza tena. Utabaki unalisaka donge mojamoja.

Na sheria ya sufuria ni moja: chakula kiive kwa maji, maziwa yaingie mwisho, moto ukiwa umezimwa. Maziwa yana sukari yake na protini, hushika chini upesi kwenye sufuria nyembamba ya safari, na harufu ya kuungua haitoki hadi urudi nyumbani.

Uji wa uwele

Huu ndio mlo wangu wa kwanza, na ndio ninaoujali kuliko yote. Kwa mtu mmoja: unga wa uwele gramu 50, maziwa ya unga gramu 30, karanga za kusaga gramu 20, sukari gramu 15, chumvi ncha ya kijiko, maji nusu lita. Unapata kalori kama 500 kutoka kwenye gramu 115 za mzigo.

Uwele una mafuta mengi kuliko nafaka nyingine za kwetu, na ukishasagwa mafuta hayo huanza kuharibika mapema. Ndiyo ule uchungu unaoujua kwenye unga uliokaa. Kwa hiyo usichukue unga wa mwezi uliopita. Kaanga punje zenyewe kwenye kikaango kikavu hadi zinukie na chache zianze kupasuka, zipoe, ndipo usage, siku mbili tatu kabla ya kuondoka. Joto hilo hutuliza kile kinachochachusha mafuta, na pia uji unaiva haraka, spiriti inabaki. Karanga nunua za Kongwa kama unapita. Ni palepale Waingereza walipoanzisha kilimo kikubwa cha karanga mwaka 1947 na kukiacha mwaka 1951, lakini mkulima wa kawaida hakuacha.

Porini: koroga unga wa uwele na maji baridi robo lita. Chemsha robo nyingine, mimina mchanganyiko ukikoroga, pika dakika nane. Tia karanga na chumvi. Zima. Rojo lako la maziwa na sukari, ulilolitengea maji kidogo pembeni kabla hujaanza, ndilo linaingia sasa. Funika dakika tatu.

Tambi za maziwa

Jioni ya kwanza, mkiwa mmechoka. Nyumbani kaanga tambi kavu gramu 80 kwa samli kidogo hadi ziwe kahawia, zipoe kabisa ndipo uzifungashe. Kambini zichemshe kwa maji mililita 300 kwa dakika sita au saba. Zima moto, tia maziwa gramu 35 na sukari gramu 20 vikiwa rojo, iliki, na zabibu kavu. Zabibu Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo hakuna sababu ya kukosa kiganja kimoja cha za kukausha.

Mboga ya majani makavu

Majani ya kunde yaliyokaushwa ni mepesi kama karatasi. Chemsha kiganja kilichojaa pamoja na kitunguu kikavu hadi yalainike, kama robo saa, tia karanga za kusaga vijiko viwili vikubwa, zima, kisha maziwa ya unga gramu 20 yaliyofanywa rojo. Hapa maziwa hayana sukari, kwa hiyo yabonyeze kwa kijiko kwa subira zaidi. Nyanya usiweke. Kula na ugali wa uwele.

Kashata ya maziwa kwa siku za pakavu

Karanga zilizokaangwa na kumenywa gramu 200, sukari gramu 200, maziwa ya unga gramu 100, maji vijiko vitatu. Yeyusha sukari na maji hadi tone likidondoshwa kwenye maji baridi ligande. Epua, tia karanga, kisha maziwa, na hapo usisitesite: geuza kwa nguvu, tandaza kwenye sinia iliyopakwa mafuta, kata vipande 20 kabla haijakauka. Ukitia maziwa jikoni bado moto unawaka, yanageuka kahawia na kuwa machungu kwa dakika moja. Kila kipande kina gramu 25 na kalori kama 120. Kula vitatu na maji ya kunywa, umefika saa nane mchana bila kuwasha jiko.

Vitu vinavyokata maziwa

Ubuyu, ukwaju na ndimu vina asidi, na maziwa ya moto yakikutana nayo hukatika palepale: maji kando, mabonge kando. Hayajaharibika, lakini hayapendezi. Ubuyu wa unga naupenda mno hivi: koroga maziwa kwa maji yaliyopoa kabisa, nyunyiza kijiko kimoja cha ubuyu ukikoroga, uyanywe palepale. Yanakuwa mazito na chachu, yanakaribia mtindi.

Tangawizi mbichi inashangaza wengi. Ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa ya uvuguvugu. Dawa yake ni kuichemsha kwanza kwenye maji ya chai dakika tano. Moto unakiua, ndipo utie maziwa.

Tumbo

Karibu thuluthi moja na zaidi ya unga huu ni laktosi, sukari ya maziwa, na watu wazima wengi huku kwetu hawaimeng'enyi vizuri. Wengine wanajijua, wengine hujua wakiwa porini, kwa gesi na kuharisha, na kuharisha mahali penye maji ya kuhesabu ni hatari ya kweli. Kila anayekwenda nawe ale uji huu nyumbani siku mbili mfululizo kabla ya safari. Anayesumbuka apewe karanga zaidi, asilazimishwe.

Unga mkavu hauozi, lakini ukishautia maji, uhesabu kuwa ni maziwa mabichi. Umalize ndani ya saa mbili. Jua likiwa kali la zaidi ya nyuzi 32, saa moja. Usikoroge jioni ili unywe asubuhi, hata kama usiku ulikuwa wa baridi.

Sufuria na kinachobaki

Mimina maji kidogo ya moto kwenye sufuria mara tu mkimaliza, zungusha, kwangua kwa kijiko, unywe. Ni chakula na umeokoa maji. Mabaki yaliyoganda yaloweke kwa maji baridi kwanza, kwa kuwa moto huyashikisha zaidi. Maji ya kuoshea yamwage mbali na kisima, hatua sitini au zaidi.

Pakiti ambazo hazikufunguliwa ukirudi Dodoma usizirudishe stoo kungojea safari ijayo. Zimeshapigwa joto siku tatu ndani ya begi. Zipike uji wiki hiyohiyo, na pakiti za kahawa zikishakuwa tupu zioshe, uzianike tena.